Majani Waliyoyaacha Kondoo

Kondoo walikuwa wamelila bonde zima mpaka likawa kama kichwa kilichonyolewa, isipokuwa sehemu moja kando ya ukuta wa mawe, yenye upana wa kitanda cha mtu mmoja. Hapo majani yalikuwa marefu, laini, ya kijani kibichi mno. Attracta Hurley ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza, akalisema kwa mdomo wake.

"Fachtna, hebu tazama. Mbona hapa hawajala?"

"Wameshiba," alijibu mumewe, huku akitandaza blanketi palepale. "Kaa chini, mwanamke. Mgongo unaniuma na njaa inaniuma zaidi."

"Wewe njaa ilishakuuma siku gani ikapona?"

Fachtna akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Kwa miaka arobaini alikuwa tarishi wa posta magharibi ya jimbo la Cork, akiingia jiko baada ya jiko na barua mkononi, na hakuna aliyemjua kwa ubaya. Alistaafu mwezi wa sita. Mwezi wa saba yeye na Attracta wakatia virago kwenye buti wakashika barabara ya pwani ya magharibi, safari waliyoahidiana tangu fungate na kuiahirisha miaka thelathini na mitano. Sharti lilikuwa moja: kila penye jiwe la kale watashuka walitazame, na kila penye chakula cha mahali pale watakionja. Attracta alikuwa na daftari jekundu la kutolea alama. Soseji ya damu ya Clonakilty ilipata tisa. Chaza wa Galway walipata nne, na kando yake aliandika: "Kama kumeza makamasi ya mtu mwingine." Kule Gallarus, ndani ya kile kikanisa cha mawe matupu ambacho tangu zama za watakatifu hakijavuja tone, walipiga magoti wakasali fungu moja la rozari. Fachtna alisali kwa sauti kuliko mkewe. Ndivyo alivyokuwa.

Siku ya nne wakafika Mayo, kwenye barabara ya njaa. Waliijenga watu wa ile Njaa Kuu ya zamani, viazi vilipooza nchi nzima na wengi wakafa na majani midomoni, wakivunja mawe ili wapewe uji, na haikukusudiwa kwenda popote. Inaanzia kwenye tope na kuishia ubavuni mwa mlima. Juu kidogo pana jiwe la ukumbusho.

Walikula mkate wa soda, usiotiwa hamira, walioununua asubuhi, siagi, na samaki wa moshi aliyekatwa vipande vinene. Ilipobaki slesi moja, Attracta alisimama akakung'uta sketi.

"Naenda kusoma lile jiwe. Hiyo ni yangu, umesikia? Nikirudi niikute."

"Ah, mimi na wewe tumeanza kuibiana leo?"

Attracta akapanda. Fachtna akabaki na ile slesi.

Hakusikia hatua. Alipoinua macho, bibi mmoja alikuwa amesimama kando ya ukuta, upande ule ambako hakuna nyumba wala njia. Alivaa koti la kahawia lililofungwa kwa kamba kiunoni, na pembe za mdomo wake zilikuwa na rangi ya kijani, kama za ndama.

"Mungu abariki mlo wako," alisema.

"Nawe pia, mama. Karibu mkate."

"Aa, usihangaike, mwanangu. Nimeshiba."

Sasa, watu wa kule wana adabu yao. Ukimkaribisha mtu, anakataa. Ukimkaribisha tena, anakataa kwa sauti ya chini. Ukimkaribisha mara ya tatu ndipo anasema, basi, kwa kuwa umenibana, na anakula kama mtu aliyekuwa anasubiri tangu jana. Hata mtoto anajua kwamba kukataa kwa kwanza si kukataa. Na Fachtna, aliyekunywa chai katika majiko mia tatu, alijua kuliko wote.

Lakini samaki alikuwa mnene na siagi ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Haya basi, mama," alisema, akauma.

Yule bibi alimtazama mdomoni mpaka alipomeza tonge la mwisho. Fachtna akainama kujifuta makombo, akainua kichwa, na hapakuwa na mtu. Majani pale aliposimama hayakuwa yamelala.

Attracta aliporudi aliuliza slesi yake iko wapi.

"Nimempa bibi mmoja aliyepita," alisema Fachtna. Ulimi wake ulisema kabla hajauamuru.

"Umefanya vizuri." Attracta akambusu kipara. "Mungu atakulipa."

Na Fachtna, Mungu amsamehe, aliona raha kusifiwa.

Njaa ilimpata kabla hawajamaliza bonde. Haikuwa njaa anayoijua. Ilikuwa kama mtu ameingiza mkono ndani yake akawa anakwangua kuta. Alisimamisha gari, akala biskuti zote zilizokuwamo, akala na tufaha na moyo wake na mbegu zake. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, waliletewa nyama ya kondoo wa milimani na boksti, zile chapati za viazi za kwao. Alimaliza sahani yake akasogeza ya mkewe.

"Ala! Tumbo la askofu hilo," alisema Attracta akicheka.

"Na wewe mbona huli?"

"Sijui. Naona kama nimeshiba."

Aliligusa daftari lake, akalifunga bila kuandika alama.

Asubuhi pete ya ndoa ilimponyoka Attracta kidoleni ikaanguka kwenye sinki. Walicheka kidogo. Kesho yake alibana sketi kwa pini. Siku iliyofuata hakuna aliyecheka. Daktari wa pale alimpima, akasema presha iko chini, apumzike, ale. Lakini hakula. Aliyekula alikuwa Fachtna, na kila alichokula hakikumkaa, kikawa kama maji yanayomwagwa mchangani. Chumbani kulizuka harufu. Walidhani ni bomba. Kisha Attracta, aliyezaliwa shambani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni harufu ya viazi vilivyooza shimoni, harufu tamutamu inayokaa kooni, na kwamba inatoka mdomoni mwa Fachtna.

Waliamua kurudi nyumbani, ila kila barabara waliyoshika ilikuwa ndefu kuliko ramani, maana Fachtna hakuweza kupita duka bila kusimama. Jumapili waliingia misa katika mji mdogo. Alipokea komunyo, akarudi, akapita nyuma ya nguzo, akapanga mstari upande wa pili apokee tena. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Miguu ilimpeleka. Alipogeuka na ile hostia ya pili ikiyeyuka ulimini, alimwona mkewe amekaa kwenye benchi, amekonda kama ufagio, anamtazama, na Attracta ndiye aliyeinamisha macho kwa aibu.

"Umefanya nini?" alimnong'oneza garini.

"Sijui."

"Fachtna, ulikuwa Mwili wa Kristo."

"Najua ulikuwa nini! Nina njaa, Attracta. Nina njaa, nina njaa, sijui nikuambieje."

Hapo ndipo wote wawili waliposikia kutafuna. Kulitoka kiti cha nyuma, taratibu, meno juu ya kitu chenye nyuzi, kama ng'ombe, ila kwa pumzi ya mtu. Kwenye kioo hapakuwa na mtu. Kwenye kiti palikuwa na majani matatu marefu, mabichi, yaliyong'atwa.

Attracta hakupiga kelele. Alilaza kichwa dirishani, akafumba macho, na kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya kizee ambayo Fachtna aliitambua mara moja na ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja, akasema, "Usihangaike, mwanangu. Nimeshiba."

Fachtna akakanyaga breki katikati ya barabara. Na palepale, akimtazama mkewe, huku mkono wake wenyewe, bila ruhusa yake, ukipeleka mdomoni kipande cha jibini alichokuwa amekificha mfukoni, alimeza, akaona kwa macho yake shavu la Attracta likizama kidogo, kama godoro mtu anapokaa, akaelewa ni nyama ya nani aliyokuwa akiila siku zote hizi.

Mwanamke wa kuwasaidia walielekezwa na mfagizi wa kanisa. Kule, ukoo huu una tiba ya kuungua, ule una tiba ya vipele, nao akina Ginty wa karibu na lile bonde wana tiba ya majani ya njaa, yale yanayoota alipoanguka mtu aliyekufa kwa njaa. Honor Ginty alikuwa na duka dogo na pampu moja ya petroli. Walimkuta anapanga magazeti. Alimwangalia Attracta aliyebaki garini, akasoma kwenye namba ya gari kwamba wametoka Cork, akamsogelea Fachtna, akamnusa kama mtu anavyonusa maziwa.

"Mlikaa pale ukutani," alisema.

"Ndiyo."

"Kondoo wana akili kuliko watu wa Cork. Endelea. Alikuomba nini?"

"Hakuomba. Nilimkaribisha mimi. Akakataa."

"Ulimkaribisha mara ngapi?"

Fachtna alitazama magazeti.

"Nimekuuliza mara ngapi, bwana."

"Mara moja."

"Huko kwenu hamna adabu?"

"Tunayo."

"Basi ulijua."

"Nilijua. Mkate ulikuwa wa mke wangu. Nikamwambia mke wangu nimempa bibi."

Honor akaenda mlangoni, akageuza kibao ili duka lionekane limefungwa. Aliporudi alizungumza chinichini. "Sikiliza. Hicho ulichokibeba hakiingii kwa mlafi tu. Ingekuwa hivyo watalii wote wangekuwa wamekwisha. Lazima kikute mlango umeshafunguliwa. Nani mwingine alikuambia ameshiba, nawe ukajifanya umemsadiki?"

"Hakuna."

"Mke wako hafiki Jumatano."

Fachtna akakaa juu ya gunia la makaa. Watu wengi walikuwa wameshamsifu maishani mwake, na sifa zile zote zilimjia sasa, moja moja, kama deni.

"Mama yangu," alisema.

Aliishi peke yake, maili sita tu kutoka kwao. Kila Jumapili baada ya misa Fachtna alimpitia. Hakuwa akizima injini. Alisimama mlangoni na kuuliza, una haja na kitu, Mama? Na mama alisema, sina, mwanangu, usihangaike, nimeshiba. Naye akasema haya basi, akaenda kula kwake. Miaka mitatu hivyo. Januari moja jirani akapiga simu kwamba haoni moshi wa jiko lake. Fachtna alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama alikuwa kitandani, mwepesi kama nguo. Akafungua kabati la jikoni. Kulikuwa na majani ya chai, nusu paketi ya biskuti kavu, na makopo mawili ya chakula cha paka.

"Alikuwa na paka?" aliuliza Honor.

"Hapana."

"Nikaendesha gari mpaka dukani kabla wanawake hawajaja kumwosha. Nikanunua mkate, nyama, keki, jemu. Nikajaza kabati. Ile jemu niliifungua nikachota kijiko kimoja nikakitupa, ionekane inaliwa. Makopo nikayatia mfukoni. Kwenye matanga walifungua kabati wakasema, angalau hakukosa kitu, kwa mtoto kama huyu. Nami nikanyamaza. Nimeungama kila mwezi tangu siku hiyo. Nimeungama hasira, nimeungama matusi. Hilo sijawahi."

"Jemu ya zabibu nyeusi."

Fachtna aligeuka. Attracta alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, ameshikilia rafu kwa mikono miwili asianguke.

"Mama yako hakuweza hata kuinusa zabibu nyeusi," alisema. "Miaka kumi na moja najiuliza nani aliinunua ile jemu. Sikukuuliza. Nami nina langu hapo, Fachtna."

Hakumgusa. Hakuondoka pia.

Honor alitoa kabatini mkate wa shayiri, mgumu, uliofungwa kwa kitambaa. "Nenda sasa hivi, jua lingali juu. Mkeo abaki garini. Mkaribishe mara tatu. Usianze kumwomba msamaha, msamaha hauliwi. Akishakula, atakumegea. Pokea hapohapo. Hilo ndilo linalofunga jambo. Usimfanyie adabu ya kukataa, umenielewa? Akikumegea, usimfanyie adabu."

"Nimekuelewa, mama."

Kule kiangazi jua halina haraka. Saa tatu usiku bonde lilikuwa bado jeupe, na kondoo wote walikuwa wamejikusanya upande wa mbali, wamegeuza migongo. Fachtna alitembea hadi ukutani, na njaa ilikuwa imemkunja kiasi kwamba aliubana ule mkate kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayembeba mtoto mgonjwa asimtazame usoni, maana alijua akiutazama tu atautia mdomoni.

Bibi alikuwa amekaa katikati ya majani marefu.

"Karibu mkate, mama."

"Aa, usihangaike, mwanangu. Nimeshiba."

"Karibu, tafadhali."

"Hapana, hapana. Kula wewe." Sauti ilikuwa ya chini sasa.

"Mama, nakusihi. Kula."

Yule bibi akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo. "Basi, kwa kuwa umenibana," alisema, akanyoosha mikono.

Alikula, na alipoanza kula sauti ya kutafuna haikutoka kwake peke yake bali ilianzia pale miguuni pake ikakimbia kando ya ukuta wote, kwenda juu, kufuata ile barabara isiyofika popote, kana kwamba chini ya kila jiwe kulikuwa na mdomo uliopewa kipande chake, wadogo kwa wakubwa, wakila haraka kwa woga wa kunyang'anywa, na harufu ya viazi vilivyooza ikapanda mara moja kama mvuke wa sufuria kisha ikatoweka, na badala yake ikaja harufu ya mkate, mkate tu, na Fachtna akahisi machozi yakimtoka hata kabla bibi hajainua uso, na alipouinua ulikuwa uso wa mama yake, si kwa sura yote, ila kwa namna ya kukaa pembeni kidogo, kama alivyokaa mlangoni Jumapili zile akisubiri injini iondoke.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Bibi akakimega. Akamnyooshea nusu.

"Na wewe, mwanangu?"

Alikumbuka maneno ya Honor. Alikumbuka kila neno. Alikuwa na njaa, na mkono wake ulishaanza kuinuka. Lakini aliuona ule mkono uliomnyooshea mkate, mifupa na ngozi, na aibu ikampanda kubwa kuliko njaa. Angewezaje kupokea chakula kutoka mkono ule? Na ulimi wake, ulimi wa watu wake wote, ukasema kile walichomfundisha kabla hajajua kutembea.

"Aa, hapana, Mama. Usihangaike. Nimeshiba."

Bibi akamtazama. Fachtna alingoja. Alingoja akaribishwe mara ya pili, alingoja kwa moyo wote, midomo imeachama.

"Haya basi," alisema yule bibi, akatia kile kipande kinywani mwake.

Garini Attracta alikuwa amekaa wima, mashavu yana damu, anatafuna mkate mkavu wa juzi alioupata chini ya kiti.

"Nina njaa ya ajabu!" alisema mdomo umejaa. Kisha akamwona uso. Akaacha kutafuna. "Alikumegea?"

Fachtna alishika usukani. Angeweza kusema ndiyo, akaishia hapo.

"Alinimegea," alisema. "Nikamfanyia adabu."

Wako nyumbani siku nyingi sasa. Attracta amenenepa, sifa kwa Mungu, na daftari jekundu liko juu ya friji. Fachtna alimwendea padri wiki ileile akaungama yote, makopo na jemu na hostia ya pili, akaondolewa dhambi. Njaa haikuondolewa. Haimli mkewe tena, inamla yeye. Ukimkuta leo utamkuta kama fimbo ndani ya koti, na ukimkaribisha chochote, hata ganda la mkate, anapokea palepale kwa mikono miwili kabla hujamaliza kusema. Watu husema tarishi wa zamani amekosa adabu uzeeni. Attracta huwaacha waseme. Kila Jumapili, kabla hawajatoka kwenda misa, humsimamisha karibu na dirisha, akalowesha leso kwa mate, akamfuta vizuri pembe za mdomo, maana asubuhi nyingine huamka nazo zina rangi ya kijani.